Kabla hujazihusudu gigahezi

Ukikabidhiwa bodi yako ya kwanza yenye SoC, yaani chipu moja iliyobeba karibu kompyuta nzima, macho yatakimbilia namba mbili: gigahezi (kasi yake) na idadi ya kori, vile vichakataji vilivyomo ndani yake. Nilizifuata hizo hizo kwa miezi, nikabaki nashangaa mbona chipu ya kori nane inazidiwa na ya kori nne baada ya dakika kumi za mchezo.

Kumbe ni joto. Simu nyingi hazina feni, hivyo chipu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Ile kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mwanzo mwanzo tu. Tena kori nane si lazima ziwe sawa: tangu ARM, kampuni inayosanifu kori, ilipotangaza mpango wake wa big.LITTLE mwaka 2011, imekuwa kawaida kuchanganya kori kubwa zenye nguvu na ndogo zinazobana matumizi ya betri. Kwa hiyo ukipima, pima nusu saa nzima, na kila kipimo kiandikie nyuzi joto zake. Kipimo cha sekunde 30 waachie wauzaji.

Halafu CPU, yaani hizo kori zinazoendesha programu, ni mpangaji mmoja tu katika nyumba ya wengi. Humo mna GPU inayochora picha za skrini, kitengo cha picha za kamera, pengine na modemu, na wote wanagombea RAM ile ile. Video ya 4K ikikwama kwenye runinga, mgeni wa kazi hulaumu CPU, ilhali kwa kawaida video hufunguliwa na kitengo chake maalumu. Kama video imebanwa kwa mtindo wa AV1 na kitengo hicho hakiujui, mzigo unaiangukia CPU, na hapo ndipo picha zinaanza kurukaruka. Mchoro wa ndani wa chipu ungekwambia hayo mapema.

Ukishauona mchoro, tafuta orodha ya kasoro ambayo mtengenezaji huitoa kando ya mwongozo. Haina mvuto, najua. Niliwahi kukesha siku tatu nikisaka kosa kwenye programu yangu, kumbe limo humo, na njia ya kulikwepa imeandikwa.

Na UART, zile pini ambazo bodi hutumia kuzungumza na kompyuta yako kwa waya: usichomeke waya kabla ya kupima volti. Chipu nyingi za sasa hutumia volti 1.8 kwenye pini hizo, wakati adapta za USB zilizozoeleka hutoa 3.3 au 5. Bodi yangu ya pili ilikufa hivyo, kimya kimya, bila hata moshi. Siku hizi multimita yangu hulala juu ya kibodi.