Jioni nimechoka hoi, nasalije?

SWALI: Shikamoo mama, Bwana asifiwe. Mimi ni msharika wa KKKT hapa Moshi, nauza mitumba Kiboriloni. Narudi nyumbani saa mbili usiku, nikianza sala ya jioni hata sijafika mbali nishawaza marejesho ya VICOBA, mara belo nililofungua likawa bovu, mara ada ya mtoto, na siku nyingi nasinzia humo humo. Rafiki yangu Mkatoliki kaniambia wao wana sala ya kuipitia siku nzima kabla ya kulala, inaitwa eksameni. Nimejaribu siku tatu nikaishia kulia tu, nilichokiona ni makosa matupu. Je, Mlutheri anaruhusiwa? Na nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, amina. Pole sana. Naanza na hayo machozi maana ndo yameniuma, nadhani umeingilia mlango wa nyuma. Aliyeipanga sala hiyo ni Ignasi wa Loyola, Mhispania, na kwenye kitabu chake cha mazoezi ya kiroho ambacho Papa Paulo wa Tatu alikipitisha mwaka 1548 kaiweka kwa hatua tano, na ya kwanza kabisa ni kushukuru. Makosa bado kabisa hapo. Unashukuru, unaomba Mungu akupe mwanga uone, ndo unaipitia siku, unaomba msamaha kwa yanayohitaji msamaha, halafu unaiangalia kesho na kumwomba neema ya kurekebisha. Wewe umeruka mbili za mwanzo ukaenda moja kwa moja kujishtaki, yani umefungua kesi na hakimu mwenyewe hujamwita! Lazima ulie.

Sasa shukrani usiifanye ya jumla, ile ya asante kwa uzima na afya tukaishia hapo. Taja kitu. Yule mteja aliyechukua masweta matatu bila kubishana bei, au jirani wa meza ya pili aliyekuangalizia mzigo ulivyoenda chooni, au ile asubuhi mlima ulivyofunguka mawingu yote yakaondoka ukasimama kidogo kuangalia. Tatu nne zinatosha, ila zitaje kabisa kwa mdomo.

Kuhusu mawazo kuruka, usihangaike kuyafukuza. VICOBA, belo, ada, hivyo ndo vitu vya siku yako, na sala hii inataka siku yako, sasa ukivifukuza utabaki kupitia nini? Likija la marejesho liweke hapo hapo mbele za Bwana, muulize, leo nilivyokuwa nahesabu zile hela nilikuwa najisikiaje, nilikuwa na hofu, nilimjibu mtu vibaya kwa sababu ya hiyo hofu? Ignasi mwenyewe alijifunzia hapo hapo kwenye mawazo. Mwaka 1521 alipigwa na mzinga vitani Pamplona mguu ukavunjika, akalala nyumbani kwao muda mrefu anauguza, na akawa anaota ndoto zake za ushujaa na sifa, tamu kweli, ila zikiisha anabaki mkavu. Akiwaza habari za Kristo na watakatifu furaha inabaki hata baada ya wazo kupita. Kwa hiyo na wewe angalia kilichobaki, wazo limekuachia nini moyoni.

Nikupe la kwangu. Juzi nilinunua ndizi Mbuyuni, kijana akanibebea mkungu hadi kwenye daladala, tulipatana elfu moja nikampa mia tano nikamwambia si mbali hapa. Mchana sikuwaza kitu. Usiku nimekaa kwenye kistuli changu jikoni naipitia siku, nafika hapo Mbuyuni nauona ule mkono wake umebaki wazi na mia tano juu yake, hasemi kitu. Sikulia, nilinyamaza tu nikaomba msamaha, kesho yake nikarudi kumtafuta, ilinichukua karibu saa nzima kumpata.

Na usisalie kitandani mwanangu, utalala tu, mwili hauna kosa. Kaa kwenye kiti kabla hujala au ukishanawa miguu, simu iache chumba kingine, dakika kumi zinatosha.

La Ulutheri lisikusumbue hata kidogo. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake Peter barua ya namna ya kusali, akamwambia sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, akamfundisha achukue kila amri ya Mungu na kuisokota kama taji la nyuzi nne, yani fundisho, shukrani, toba na ombi. Ona hapo, shukrani imekuja kabla ya toba. Ukitaka kubaki kwenye njia ya kwenu kabisa chukua neno la siku kwenye kalenda ya KKKT ulisokote hivyo hivyo.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mama. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Kilombero Arusha. Padre alitufundisha sala ya kimya ila mwaka jana nilipata ajali, nikinyamaza tu na kufumba macho naiona ile gari inakuja. Niache?

JIBU: Milele amina baba. Ya kufumba macho iache kwa sasa, usijilazimishe. Sali macho wazi, na uwe na neno la kushika. Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya tano, aliwafundisha wenzie mstari mmoja wa kurudia rudia wakiwa na hofu, wakiwa kazini, hata usingizi ukigoma, ni Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Useme taratibu ukiwa kijiweni unasubiri abiria, helmeti mapajani, unauangalia Meru.

Ila hiyo gari inayorudi, mwambie padre, na nenda hospitali ukaombe kuonana na mshauri, hata wiki hii. Ukiona aibu kwenda peke yako chukua mwenzako mmoja wa kijiweni akusindikize.