Maswali ya Wasomaji: Biti ya kompyuta na mapigo 12 ya flamenko

SWALI: Naandaa albamu bila lebo, flamenko (muziki wa Uhispania) juu ya biti za kompyuta. Gitaa la bulería, mtindo mmoja wa flamenko, nimeliwekea biti ya 4/4. Mzunguko wa kwanza unakaa vizuri, wa pili unapotea, ingawa tempo ni ileile. Nakosea wapi? (Prodyuza, Mombasa)

JIBU: Tempo iko sawa, hesabu ndiyo iliyoharibika. Bulería ina mzunguko wa mapigo 12, na mkazo huangukia 12, 3, 6, 8 na 10. Hesabu huanzia 12, si 1. Kila pigo la bulería ni sawa na nusu pigo la biti, na kipimo cha 4/4 kina nusu pigo 8 tu, kwa hiyo mzunguko wa pili wa gitaa unaangukia katikati ya kipimo cha biti. Vitakutana tena baada ya nusu pigo 24.

Futa 4/4. Weka kipimo cha 6/8 kikifuatiwa na 3/4, hivyo hivyo hadi mwisho, na pigo la 12 liwe mwanzo wa 6/8: 12-1-2, 3-4-5, kisha 6-7, 8-9, 10-11. Sikio lililolelewa na chakacha halitasumbuka na nusu ya kwanza. Kazi iko kwenye zile mbilimbili za mwisho. Gitaa likienda mapigo 220 kwa dakika, andika tempo 110. Besi dramu ipige 12 na 6, snea ipige 10, maana hapo ndipo mpiga gitaa hufungia. Ukijaza mikazo yote mitano, gitaa halitakuwa na pa kupumulia.

Kama gitaa lilirekodiwa bila metronomu, tia alama kila pigo la 12 kwa mkono, biti ilifuate gitaa. Ukilivuta gitaa lifuate gridi, yaani mistari ya tempo kwenye kompyuta, rasgueado, ule mchapo wa nyuzi kwa kucha, hutoka kama umeloa maji. Na kama moyo wako uko kwenye 4/4, achana na bulería: chukua rumba au tangos za flamenko, ambazo ni 4/4 tangu asili.

SWALI: Makofi yangu yanasikika kama mashine.

JIBU: Kwa sababu umenakili kofi moja. Rekodi watu wawili au watatu, maiki ikiwa mita 1 hadi 1.5 kutoka kwao. Mmoja ashike mapigo, mwingine ajaze katikati yake. Viganja vikibinywa mithili ya kikombe hutoa sauti nzito, ya kuwekwa chini ya uimbaji. Vidole vikipigwa kwenye kiganja hutoa kali, ya kwenye kiitikio. Ukinyoosha kwa gridi, usizidi asilimia 50. Kahoni, lile sanduku la mbao la kupigwa kama ngoma, likiwemo, punguza sauti zake zilizo chini ya Hz 100, la sivyo litagombana na besi dramu.

SWALI: Naweza kuongeza udi wa taarabu?

JIBU: Unaweza, na unafaa sana. Gitaa likikaa kwenye E, noti zake E, F, G#, A ndizo za hijazi, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu. Tatizo huletwa na sinthi (kinanda cha kielektroniki): mpiga udi hupandisha F kidogo na kushusha G# kidogo, sinthi haisogei, na udi unaonekana umepotea tyuni. Sinthi ishike E na B pekee. Kabla ya kurekodi, mwambie mpiga udi kapo, kile kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa, iko wapi. Ikiwa kwenye freti ya 2 (kigawanyo cha pili cha shingo), hijazi yenu inaanzia F#.