Kutoka uhandisi wa medani hadi barabara za vijijini: jibu kwa askari anayekaribia kustaafu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unakaribia kustaafu kutoka kikosi cha uhandisi wa medani ukiwa na stashahada ya uhandisi ujenzi, na umeuliza mambo mawili: kama miaka ya jeshi itakuwa na thamani yoyote uraiani, na kwa nini mimi, niliyepita njia hiyo hiyo kabla yako, hutumia mapumziko yangu mengi katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Nitayajibu kwa pamoja, kwa kuwa katika maisha yangu mambo hayo hayajawahi kutengana.

Kwa upande wa makaratasi habari si ndefu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haitazami nyota wala tepe za begani. Inatazama elimu na kazi ulizofanya chini ya usimamizi. Kwa stashahada yako unaweza kusajiliwa kama fundi sanifu. Ukitaka kuwa mhandisi utahitaji shahada, kisha miaka mitatu ya mafunzo kazini, ambayo wahitimu wengi huipitia katika SEAP, mpango wa bodi hiyo wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, ndipo uombe usajili wa mhandisi mtaalamu. Mimi niliingia chuo kikuu nikiwa tayari nina watoto wanaosoma, na ninaona hadi leo kwamba ulikuwa uamuzi sahihi.

Sasa nije kwenye yale uliyojifunza jeshini. Bila shaka umewahi kufunga daraja la Bailey, lile la chuma linaloundwa kwa paneli zilizotengenezwa tayari. Paneli moja ina urefu wa futi 10 na uzito wa takriban kilo 260, nayo hubebwa na watu sita. Vipande huunganishwa kwa pini, kisha daraja zima husukumwa juu ya roli kutoka ukingo mmoja, likitanguliwa na pua nyepesi inayofika ng'ambo kabla kitovu cha uzito hakijaacha ukingo ulipoanzia. Anayeelewa kwa nini pua ile inahitajika ameelewa sehemu kubwa ya somo la mizani ya nguvu, hata kama hajawahi kuliandika kwa hesabu, na mafuriko yanapokata barabara zetu madaraja ya chuma ya aina hiyo bado ndiyo yanayorudisha mawasiliano haraka. Tofauti ni kwamba daraja la medani linatakiwa lipitishe magari alfajiri ya kesho, wakati daraja la kijiji linatakiwa listahimili mafuriko ambayo huenda yakaja mara moja katika miaka 50.

Na katika miaka yangu ya kazi mkoani Morogoro, ni nadra sana nimeona daraja likifa kwa sababu boriti imevunjika. Maji huchimba chini ya msingi, au huzunguka nguzo ya ukingoni na kubeba tuta la maingilio, hata unakuta daraja limesimama peke yake katikati ya mto huku barabara imeondoka pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote hupanda na mto kwa miguu, mbali kuliko mkataba unavyonitaka. Picha za setilaiti zitakupa eneo la bonde, lakini hazitakuonyesha magogo yaliyokwama kwenye kona ya juu yakisubiri masika, wala nyasi zilizonasa kwenye matawi zikionyesha kimo cha maji ya mwaka uliopita. Ukubwa wa mawe yaliyolala mtoni utakuambia nguvu ya maji yaliyoyafikisha pale. Macho hayo niliyapata jeshini, hasa Darfur, ambako korongo kavu liliweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali kabisa na pale tulipokuwa.

Hapo ndipo Uluguru inapoingia. Pepo za Bahari ya Hindi huangusha mvua yake upande wa mashariki, kuelekea Matombo, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, hupata mvua pungufu. Mabonde mawili yenye eneo sawa kwenye ramani hayawezi kupewa makalavati ya kipenyo kimoja, na jambo hilo nililielewa vizuri zaidi kwa kutembea juu ya migongo ya milima kuliko nilivyolielewa darasani.

Milima hiyo inafundisha pia jambo ambalo sisi tuliotoka jeshini hulipata kwa tabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachonge matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mgeta hadi leo kuna mashamba mazuri ya ngazi, lakini upande wa Matombo kazi ile ilifukua udongo usio na rutuba, watu wakalazimishwa kuendelea, na mwaka 1955 zikazuka ghasia zilizosababisha mpango wote kuachwa. Nakuomba uikumbuke habari hiyo utakaposimama kwenye mkutano wa kijiji. Wazee wanajua maji yalifika wapi miaka ambayo hakuna kituo kilichopima, nao watakuambia ukiwauliza kwa heshima na ukakaa chini kusikiliza. Ukiwapa amri watanyamaza.

Umesema pia kwamba kupanda mlima ni mambo ya watalii. Usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliyesimika bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro alikuwa askari wa jeshi letu, Luteni Alexander Nyirenda, kwa hiyo desturi hii ni yetu kwa haki kabisa. Kwangu ina kazi nyingine. Anayetoka jeshini hupoteza kwa siku moja kundi zima la watu waliokuwa wakitembea naye, na ukimya wa nyumbani unaweza kuwa mzito. Kupanda Lupanga, kilele cha Uluguru chenye zaidi ya mita 2,100, pamoja na wenzangu wachache waliostaafu, kumenirudishia mwendo wa pamoja na usingizi wa uchovu wa halali. Ikiwa usingizi wako unasumbuliwa na mambo uliyoyaona kazini, muone daktari kwanza. Mlima hauchukui nafasi yake.

Ukija, jipatie kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa ajili ya hifadhi ya msitu, mchukue mwenyeji akuongoze, na epuka Machi hadi Mei, njia zinapoteleza. Na kabla hujakabidhi vifaa kikosini, andika kila daraja na kila barabara uliyoshiriki kujenga, urefu wake, kazi yako na aliyekusimamia, kwa kiwango ambacho taratibu za jeshi zinaruhusu kutolewa nje, kisha umwombe mkuu wako athibitishe kwa saini. Ukishakuwa uraiani, kupata saini hiyo kutakuchukua muda mrefu.