Polisi Watajuaje Niko Busia?

SWALI: Fundi, salamu nyingi kutoka Milimani, Kisumu. Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi ya orofa tatu. Tawi letu la Busia hutumia swichibodi yetu (mtambo unaounganisha simu za ofisi) kupitia intaneti, na kupiga nje lazima tubonyeze 9 kwanza. Majuzi mwenzetu wa Busia alizirai. Aliyejaribu 999 kwa simu ya mezani hakupata mtu, ikabidi watumie simu ya mkononi. Mgonjwa yuko salama. Je, simu zetu ni mbovu? Na sisi tukipiga, wanaopokea hujua tuko wapi?

JIBU: Pole sana dada, na nashukuru mwenzenu amepona. Simu si mbovu, zimepangwa vibaya. Mtu akibonyeza 999, swichibodi huichukua 9 ya kwanza kuwa ombi la laini ya nje, kisha inapeleka 99 peke yake, ambayo haifiki popote. Ilitakiwa abonyeze 9999, na nani atakumbuka hilo mwenzake akiwa amelala sakafuni?

Mwaka 2013 huko Marshall, Texas, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli. Bintiye wa miaka 9 alipiga 911, namba ya dharura ya huko, tena na tena kama alivyofundishwa, simu isitoke kwa sababu hoteli nayo ilidai 9 kwanza. Sheria ya Marekani yenye jina la Kari, iliyotiwa saini 2018, inataka namba ya dharura itoke moja kwa moja, na mtu wa mapokezi au ulinzi ajulishwe papo hapo. Mwambieni fundi wenu afanye vivyo hivyo kwa 999 na 112, na mtu akibonyeza 9 mbele pia zitoke. Kioo cha simu yako kionyeshe ni ekstensheni gani, yaani simu gani ya ndani, imepiga. Lakini usikubali simu hizo zipitie kwako kwanza. Ukiwa umeenda chakula cha mchana je?

Kuhusu mahali, hapo ndipo naogopa zaidi. Simu ya Busia inatokea kwenye laini yenu ya Kisumu, kwa hivyo anayepokea anaona namba ya Kisumu, huku mgonjwa yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Wekeni Busia kifaa chenye laini yake, simu za dharura za tawi zitokee huko huko. Hata hivyo namba haionyeshi orofa. Bandikeni karatasi kwenye kila simu: mji, barabara, jengo, orofa, chumba, na lango ambalo gari la wagonjwa linaweza kupita. Miji yetu huelekezana kwa alama, basi chagueni alama isiyohama. Kibanda cha M-Pesa hufungwa, kanisa hubaki.

Tena, laini ikikatika polisi wanaweza kupiga namba waliyoiona. Wakikutana na sauti ya "bonyeza moja kwa mauzo", dakika zinapotea. Namba hiyo imfikie mtu. Swichibodi na vifaa vya intaneti viwe na betri ya akiba, kwa maana stima ikipotea simu zote za mezani huzima.

Fundi akimaliza, jaribuni kutoka kila tawi wakati usio na shughuli nyingi. Anayepokea mwambieni mara moja kwamba ni majaribio, hakuna dharura, mwulizeni anaona namba gani, kisha mkate simu mumwachie laini.