Ganzi Iliyoondoka Yenyewe: Dalili za Mwanzo za MS

Tangu watu wa mtaa wajue nina maltipo sklerosisi, MS kwa ufupi, siwezi kupita mtaa wa Langoni, hapa kisiwani Lamu, bila kusimamishwa. Huyu mguu unamchoma, yule mkono umekufa ganzi tangu alfajiri, mwingine anataka nimtazame mwanawe jicho. Mimi si daktari. Wengi nawaambia lililo kweli: mkono ulioulalia utaamka wenyewe, na mwenye sukari akifa ganzi nyayo zote mbili, akaanze kwa kupima sukari. Huku kwetu karibu na ikweta MS ni nadra kuliko Ulaya au Amerika Kaskazini. Na kwa kuwa ni nadra, huchelewa kujulikana: hakuna aliyeiona kwa jirani, basi hakuna anayeifikiria.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka ikashambulia mailini, yaani utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo, za uti wa mgongo na za macho. Utando ukiharibika, habari kutoka kichwani huenda polepole au hukatikia njiani. Hauambukizi ugonjwa huu. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Ndio umri wa kulea na kupika na kushona, ambao ukilalamika unaambiwa ni watoto wamekuchosha. Si ugonjwa wa juzi pia. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868.

Kwangu lilianza jicho la kulia. Nilikuwa nakunga leso, nikaona nyekundu yake haieleweki. Nikafumba jicho la kushoto, rangi ikapauka. Nikafumba la kulia, nyekundu ikarudi vilevile ilivyotoka dukani. Na kila nikilizungusha jicho lile kutazama pembeni, liliuma kwa ndani. Siku zilizofuata ukungu ukajaa katikati, hata nikawa naona kilemba cha mtu na kanzu yake lakini uso sioni. Jaribu hivyo nyumbani ukishuku: kitu kimoja chekundu, mwanga uleule, jicho moja moja. Rangi ikitofautiana, na jicho likiuma unapolizungusha, nenda hospitali. Ukiambiwa jicho ni zima, usiondoke bado. Mara nyingi uvimbe uko kwenye neva nyuma ya jicho, tochi haiuoni. Omba upimwe rangi, na mboni zako zilinganishwe zinavyojibana kwenye mwanga.

Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi. Hapo ndipo MS inapowapoteza watu. Karibu asilimia 85 ya wagonjwa huanza kwa mashambulio ya aina hii: dalili hupanda kwa saa au siku, hukaa siku au wiki, kisha hupungua au huisha kabisa. Kwetu jambo linalokuja na kuondoka halikosi maelezo, iwe kijicho, hasidi au jini. Nilisomewa, nikanywa kombe, na wala sijuti. Dua ni dua. Lakini jicho lingerudi hata nisingetumia chochote, na wiki ile kila mtu alichukua sifa: mwandishi wa kombe, muuza matone ya macho, na shangazi yangu na mafuta yake ya habasoda, ambaye mpaka leo hakubali kushindana na mtu. Dalili ikiondoka, mshukuru Mungu, kisha iandike. Tarehe, sehemu ya mwili, upande gani, ilikaa muda gani, ulikuwa na homa au huna. Daktari wa neva anatafuta alama kwamba zimeguswa sehemu zaidi ya moja, na mara nyingi kwa nyakati tofauti. Ukimwendea na ganzi ya leo tu, bila jicho la mwaka jana, umempa nusu ya habari.

Dalili nyingine niliijua kwenye udhu. Maji yaleyale ya birika, mguu wa kulia baridi, wa kushoto kama hayakuugusa. Halafu ndara ya kushoto ikawa inanivuka njiani bila mimi kusikia, mpaka mtoto ananikimbilia nyuma, "Mama, ndara yako!" Kisha shingo. Nikiinamisha kidevu kifuani, mstuko wa stima ulinishuka mgongoni hadi miguuni, kufumba na kufumbua umekwisha. Hilo linaweza kutokana na mambo mengine ya shingo, hata upungufu wa vitamini B12, lakini halifai kunyamaziwa. Ganzi ya kutilia maanani ni ile inayodumu zaidi ya siku nzima, hasa ikiwa upande mmoja au ikipanda kutoka miguuni hadi kiunoni. Wengine huanza kwa kuona kitu kimoja viwili, au kizunguzungu kisichowaachia, au kuhisi kifua kimebanwa kama mkaja wa mzazi uliokazwa kupita kiasi.

Na kuna mambo ambayo wanawake hatuyasemi: mkojo unaokuja kwa pupa mpaka hufiki chooni. Mwambie daktari. Kuhusu uchovu, hata ule mzito unaoamka nao asubuhi, peke yake hauthibitishi chochote. Upungufu wa damu hufanya hivyohivyo. Ila ukiandamana na haya mengine, asikuite mtu mvivu.

Mwenye MS hapa pwani ana adui wake, nalo ni joto. Neva iliyopoteza utando hufanya kazi vibaya zaidi mwili ukipata moto kidogo tu. Kaskazi ikipamba, nikitoka mjini kwa miguu kwenda Shela saa sita mchana, jicho lile la zamani hufunga ukungu. Nikikaa penye upepo na leso mbichi shingoni, linafunguka. Hilo si shambulio jipya wala neva haikuharibika upya. Homa nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo dalili za zamani zikirudi ghafla, pima malaria na mkojo kwanza.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema hii ni MS. Damu hupimwa kuondoa shaka ya magonjwa mengine: sukari, B12, virusi vya ukimwi, kaswende. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hufikiriwa. Kisha MRI, yaani picha ya sumaku, ya ubongo na uti wa mgongo, ambayo mimi nilivuka kwa boti hadi Mokowe, bara, nikapanda basi hadi Mombasa kuifanya, na pengine kupimwa maji ya uti wa mgongo. Uliza pia kuhusu ugonjwa mwingine, nyuromaielitisi optika. Hushambulia macho na uti wa mgongo, hufanana na MS, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Una kipimo chake cha damu, na kwetu Waafrika hilo swali si la kurukwa.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu haijapatikana. Sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, huharakisha nafuu ya shambulio, na zipo dawa za kupunguza mashambulio yajayo, ambazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Bei ni kilio kingine.

Mambo matatu usiyaandike kwenye daftari ukangoja miadi. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito kwa ghafla, ndani ya dakika, huenda ni kiharusi. Mkojo kufunga kabisa. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hapo amsha nahodha, usingoje boti ya asubuhi.