Akiba ya chakula kwenye chumba kimoja: hesabu moto kwanza

Dada wa Pipeline, hapa Nairobi, umesema unakaa chumba kimoja na watoto wawili, unaishi kwa kibarua, friji huna, na unataka uwe na chakula cha wiki mbili ndani ya nyumba bila kuingia deni. Inawezekana. Mimi nauza nafaka Kangemi, nyumba yangu nayo ni ndogo, na nitakujibu kwa yale ninayofanya mwenyewe na ninayoona kwa wateja wangu.

Watu wakisikia akiba hukimbilia mahindi. Mimi nakuambia hesabu moto kwanza. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe inakaa jikoni saa nyingi, na mambo yakiharibika mjini, makaa na gesi navyo hupotea au kupanda bei. Chakula usichoweza kukiivisha hakikusaidii. Kwa hivyo sehemu kubwa ya akiba yako iwe ya vitu vinavyoiva haraka: mchele, ndengu, kamande, omena. Maharagwe weka kidogo, na uyaloweke usiku kucha kabla ya kupika. Ukiyachemsha kwa nguvu kama nusu saa, funika sufuria vizuri, uiingize kwenye kikapu au katoni iliyojazwa blanketi na nguo nzee, uiache. Yataendelea kuiva bila moto, kisha unayamalizia kidogo tu. Na tafadhali, jiko la makaa lisiwake ndani mkiwa mmelala, wala mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuamsha.

Maji nayo ni chakula. Mtu mmoja anahitaji lita tatu mpaka nne kwa siku za kunywa na kupikia tu, kufua na kuoga mbali. Mitungi minne ya lita 20 inawatosha nyinyi watatu karibu wiki nzima. Ninyi wa Pipeline mnajua mgao wa maji kuliko mimi, kwa hivyo hiyo mitungi ikae imejaa kila wakati, imefunikwa, na uitumie kwa zamu ili maji yasikae sana.

Sasa kiasi. Mtu mzima hula karibu nusu kilo ya nafaka kwa siku, watoto chini ya hapo. Nyinyi watatu ni kama kilo moja na robo. Kwa wiki mbili inakuja kilo 17 au 18, yaani debe moja, ukijumlisha mchele, unga na mahindi. Ongeza gorogoro (kopo la kupimia la kilo mbili hivi) moja na nusu ya ndengu na kamande, lita moja na nusu ya mafuta, chumvi, sukari, majani chai na omena. Usinunue vyote siku moja. Kila ukienda dukani chukua kitu kimoja cha ziada: leo kilo ya mchele, wiki ijayo nusu ya ndengu. Nina wateja wanaolipwa kwa siku na wanafanya hivyo hivyo, na kabla ya miezi mitatu ndoo imejaa. Ukishajaza, usiiache ikae tu. Pika cha zamani kwanza, na ujaze kipya mahali pake. Weka tu kile ambacho watoto wako hula kila siku, maana wakati wa shida si wakati wa kumfundisha mtoto chakula kigeni.

Kuhusu unga niseme zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Unga wa posho uliosagwa na kiini chake una mafuta ndani, kwa hivyo haukai: baada ya wiki chache unaanza kuwa mchungu. Unga uliokobolewa wa pakiti unakaa miezi kadhaa, angalia tarehe. Mahindi yenyewe, yakiwa makavu, yanakaa mwaka. Mwaka 2017 unga ulipokosekana madukani na serikali ikaleta ule wa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, watu walipanga foleni, ilhali mwenye debe la mahindi alienda kusaga tu. Lakini kinu nacho kinataka stima, na tuliona Agosti 2023 nchi nzima ikikaa gizani. Kwa hiyo uwe na vyote viwili, mahindi ya kusaga na pakiti mbili tatu za unga.

Mahindi yasiyokauka ni hatari, si hasara tu. Kuvu wake huleta sumu ya aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui na maeneo ya karibu, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Ukija kununua, ingiza mkono ndani ya gunia: yaliyokauka ni baridi, yanateleza, hayana vumbi la kijani wala harufu ya uvundo. Uma punje, ikivunjika kwa mlio ni nzuri, ikibonyea iache. Nyumbani pima tena kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi robo, ongeza kiganja cha chumvi kavu kabisa, tikisa dakika mbili tatu, uiache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanike. Muuzaji akikasirika ukikagua, nenda kwa mwingine. Mimi sikasiriki.

Kwa fukusi na dumuzi, adui wao ni kukosa hewa. Zile gunia zenye mifuko miwili ya plastiki ndani hufanya kazi hiyo, lakini kwa debe moja huhitaji gunia. Tafuta ndoo ya mafuta ya lita 20 kwa wauza chipsi, yenye kifuniko kinachobana, uioshe kwa sabuni na maji moto, uikaushe juani hadi ndani. Jaza mpaka juu usiache nafasi, kisha funga. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Ile unayoifungua kila siku iwe ndogo, na kubwa isifunguliwe mpaka ndogo iishe. Vidonge vya kufukiza wadudu usiviingize kamwe kwenye chumba mnacholala, kwa sababu hutoa gesi inayoua watu.

Ndoo usiiweke sakafuni wala chini ya kitanda. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Mathare na Mukuru, cha chini ndicho kilichoharibika kwanza. Ipandishe juu ya mbao au kabati, mbali na ukuta unaotoa unyevu na mbali na jiko.

Na kumbuka shida nyingi za hapa Nairobi si za soko kufungwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, chakula kilikuwepo sokoni, kilichokosekana mifukoni ilikuwa pesa, kwa sababu vibarua viliota nyasi. Ndoo hiyo ndiyo itakayokufanya ulipe kodi kwanza mwezi mbaya ukija, badala ya kukopa unga dukani.

Kama kwenye ploti yenu kuna kina mama watatu wanne mnaoaminiana, changeni mnunue gunia moja la mahindi la kilo 90 kule Nyamakima, kwa wauza nafaka wa jumla mjini, mgawane. Debe linakuwa rahisi kuliko kununua gorogoro moja moja. Mwambieni muuzaji adunge gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, mara tatu, juu, katikati na chini, na mkague kila sampuli kabla ya kutoa pesa.