Kiti mwendo cha msaada kinampwaya mwanangu, nikiuze?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, hawezi kukaa mwenyewe. Juzijuzi wahisani walileta viti mwendo kijijini kwetu, naye akapata kimoja. Kiti ni kipya, lakini mtoto anateleza mpaka makalio yanafika ukingoni, mgongo unajikunja, kichwa kinaangukia pembeni. Nilijaribu kumfunga kifuani kwa khanga, akalia sana. Sasa nimerudi kumlaza mkekani. Jirani anataka kukinunua kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Tena hospitali walisema nimpeleke mazoezi mara mbili kwa wiki, na nauli hiyo siiwezi. Nifanyeje? (Mama, Kilombero)

JIBU: Mama, pole na ulezi. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila swali lako limefika mahali pake.

Naanza na khanga, maana hiyo haingoji. Usimfunge tena kifuani. Mtoto anayeteleza akifungwa kifua peke yake, mwili unaendelea kushuka na kitambaa kinapanda kuelekea shingoni. Anaweza kunyongwa nacho. Hata mikanda ya kifua ya kiwandani hatuifungi kabla nyonga haijakaa imara.

Sasa kiti chenyewe. Kwa maelezo yako naona ni kile cha kukunja, cha mtu mzima, chenye kitambaa cha kukalia. Viti hivyo kwa kawaida vina upana wa sentimita 40 hadi 45, na kina chake, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo wa kiti, hakipungui sana hapo. Nyonga za mtoto wa miaka sita mara nyingi hazifiki hata sentimita 30. Mkalishe humo uone: makalio yakigusa mgongo wa kiti, ukingo wa mbele unamchoma nyuma ya mguu, chini ya goti, na magoti hayakunjiki. Basi mwili unajitafutia nafasi, unasogea mbele ili magoti yakunjike. Nyonga inalala chali, mgongo unapinda, kichwa hakina pa kusimamia. Kitambaa nacho kinabonyea katikati kama machela na kuyasukuma mapaja yote mawili kati. Ukimvuta juu mara mia kwa siku atateleza mara mia na moja.

Hilo linarekebishika kwa muda, na fundi seremala anatosha kukusaidia. Azima futi kamba kwa fundi cherehani. Mkalishe mtoto kwenye benchi ngumu, mtu mwingine amshike vizuri, kisha pima upana wa nyonga, urefu wa paja kuanzia nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, na kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Kwenye urefu wa paja toa vidole viwili. Hicho ndicho kina anachohitaji.

Fundi akate ubao wa plaiwudi wa kulaza juu ya kile kitambaa, na juu yake aweke sponji ngumu ya godoro, si ile laini inayozama. Ubao wa pili usimame nyuma ya mgongo, ukijazwa sponji nyuma yake mpaka kina kilichobaki kiwe kile ulichopima. Pengo la kulia na kushoto ya nyonga lijazwe sponji iliyofunikwa kitambaa. Miguu isining'inie: afunge kisanduku imara juu ya vikanyagio, kwa kimo kinachoacha mapaja yakiwa yamelala sawasawa kwenye sponji. Mbao zote zifungwe kwenye fremu zisicheze. Mwisho ni mkanda wa nyonga. Unapita kwenye mkunjo wa paja na kiuno, unavutwa chini na nyuma, na kufungwa kwenye fremu pale kalio la kiti linapokutana na mgongo wake. Ukipita tumboni umekosea.

Mjaribu kwenye uwanja tambarare, breki zikiwa zimefungwa, wewe ukiwa karibu, maana uzito ukisogezwa mbele kiti kinaweza kubadilika tabia. Siku za kwanza dakika 20 zinatosha. Ukimtoa, mkague makalio, kiuno na vifundo vya miguu. Alama isiyopotea baada ya nusu saa ni dalili ya kidonda kinachoanza. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo papasa kwa kiganja utafute pale palipo na joto au ugumu kuliko pembeni. Na asilishwe akiwa amejikunja, atapaliwa.

Nitasema jambo kuhusu wahisani, na wasinichukie. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu utoaji wa viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo. Unaeleza hatua nane, na kumpima mtumiaji ni hatua ya pili kabisa, mbali kabla ya kumkabidhi kiti. Baadaye kuna kumwekea kiti kimkae, kumfundisha yeye na mlezi, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Huku kwetu mara nyingi hatua hizo hubaki mbili: lori linashusha, picha inapigwa. Waliokuletea wana nia njema, ndiyo maana nakushauri uwarudie kupitia mwenyekiti wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, uwape vile vipimo vitatu na uwaulize kama wana kiti cha mtoto chenye egemeo la kichwa na la pembeni. Huenda hicho cha sasa ndicho kikampate mama wa jirani, lakini kwa mkono wao, kwa kubadilishana, wewe usibaki mikono mitupu.

Nyumbani ukipata mtu anayejua teknolojia ya karatasi, mshike. Ilianzia Zimbabwe na imetumika sana huku Afrika Mashariki: maboksi na karatasi kuukuu vinagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, vinaanikwa mpaka vikauke kabisa, vinapakwa vanishi. Kinatoka kiti kigumu kwa kipimo cha mtoto mmoja tu. Adui yake ni maji.

Kuhusu mazoezi, usijilaumu kwa nauli. Nusu saa mara mbili kwa wiki ni kidogo mno ukilinganisha na saa unazombeba, kumwogesha na kumvalisha. Nenda mara moja kwa mwezi, lakini omba kwa jina: programu ya nyumbani. Wakuonyeshe wanavyotaka umbebe, nawe urudie mbele yao mpaka waridhike. Mbebe miguu ikiwa imetanuka, kama mtoto anavyokaa kwenye mbeleko. Bibi zetu walilinda nyonga nyingi bila kujua. Miguu iliyokaza usiinyooshe kwa nguvu. Na kama analia ukimvalisha suruali, au mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake, omba picha ya eksirei ya nyonga mapema, kwani watoto hawa nyonga huweza kuchomoka polepole.

Anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa, Morogoro. Ikishindikana omba rufaa: hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanawahudumia watoto hawa, na hospitali ya KCMC Moshi ndipo kilipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Afisa ustawi wa jamii akuandikie barua kabla hujasafiri, ya kuombea msamaha wa gharama. Na siku hiyo mtoto aende na kiti chenyewe, pamoja na mbao za seremala. Ukizifungua mbao kinakunjwa, kinaingia kwenye buti la basi. Kondakta akileta maneno, mwonyeshe barua.